Jiwe la Vifungo

Mwanangu alizaliwa na miezi saba, na kifua chake hakikumalizika kutengenezwa. Ndivyo alivyoniambia nesi, kwa maneno hayo hayo, kama anazungumzia nyumba iliyoishiwa saruji. Akanifundisha kuweka kiganja kifuani na kuhesabu pumzi huku natazama saa. Zikizidi hapa, mlete. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili. Tangu siku hiyo nimekuwa mtu wa kunusa hewa kabla ya kuingia mahali. Msimu wa kupuliza salfa kwenye mikorosho, Nachingwea nzima vumbi la njano linatua mpaka kwenye chai, mimi nafunga madirisha na kutundika khanga mbichi mlangoni. Jirani akichoma korosho, ule moshi wake unaokwangua koo, nambeba mtoto naenda kukaa sokoni mpaka jioni. Walinicheka. Waliniita Mama Hewa. Waite. Nilikuwa na kazi moja duniani, hicho kifua, na kila aliyeingia nyumbani kwangu aliijua.

Baba yake aliijua kuliko wote. Naomba hilo likumbukwe.

Yeye ni fundi umeme. Anafunga na kutengeneza mota za makarasha, mashine za kusaga mawe ya dhahabu, kule Namungo upande wa Ruangwa. Anakaa huko wiki mbili au tatu, anarudi nyumbani siku nne. Zamani alifanya kazi Mtwara, na huko alimfungia umeme bwana mmoja aliyefuga matumbawe ndani ya nyumba. Samaki walikuwa wawili tu, wa kusindikiza. Kilichofugwa ni matumbawe yenyewe, hai, ndani ya tangi la kioo lenye urefu wa kitanda cha mtoto. Bwana yule alipohama nchi alimwachia mume wangu kila kitu: kioo, pampu, taa, mawe. Vilifika kwetu juu ya Fuso iliyokuwa inakuja kubeba ufuta, mawe yamezungushiwa magazeti yaliyolowa, maji ya bahari yako kwenye madumu kumi na nane. Watu wakajaa uani. Mmoja akaniuliza, hivi vinaliwa? Nikamwambia amuulize mwenyewe.

Sikukataa. Niliuliza swali langu lile lile ninalouliza kila kitu: "Kina moshi? Kina vumbi? Kina harufu?"

"Ni maji, mama. Maji na mawe," akasema. "Yaani wewe hutaki hata kitu kimoja kizuri ndani?"

"Na mtoto akigusa?"

"Asiguse. Na wewe usiguse. Ikibidi, vaa glovu, ziko kwenye droo. Mikono yenu ina salfa, ina sabuni, ina mafuta ya kupikia. Hivi vitu vinakufa upesi."

Ndivyo nilivyozielewa zile glovu. Zilikuwa za kuwalinda wao na mimi.

Alitaka kuyaona matumbawe yakiwa yamechanua wakati yeye amekaa, amekula, ameoga. Kwa hiyo akatega taa ziwake saa kumi jioni na kuzima saa sita usiku. Mchana wote tangi lilikuwa gizani, na ili mwanga wa dirishani usiliamshe, alishonesha pazia jeusi zito likalifunika pande zote. Usiku wa tangi ulikuwa mchana wangu. Nilifagia, nilichambua mboga, nilimwogesha mtoto, na hatua tatu kutoka nilipo kulikuwa na usiku wa manane umefunikwa nguo. Ulinguruma. Umeme ukikatika, betri inashika, unaendelea kunguruma. Na mara moja moja, ndani ya jiwe mojawapo, kitu kinapiga: tak. Kama mtu anavunja kijiti. Mume wangu alisema ni kamba mdogo mwenye gando moja kubwa. Mwaka mzima nilimsikia akivunja vijiti vyake saa tano asubuhi na sikumwona hata siku moja.

Mwanangu alijifunza kumjibu. Amekaa anapanga vifuniko vya chupa, kitu kinapiga tak, naye bila kuinua kichwa: "Tak."

Jiwe la mbele kabisa, ukubwa wa kichwa cha mtu, lilijaa vitu ambavyo mume wangu aliviita vifungo. Vidogo, vya duara kama vifungo vya shati, kila kimoja na ukingo wa kijani, ndani rangi ya chungwa, katikati doa jeusi. Taa zikiwaka vinafunguka vyote. Mtoto aliviita macho. Nilimkataza, lakini mtoto akishakipa kitu jina, umekwisha. Kuanzia hapo na mimi niliona macho. Jiwe zima la macho, yanatazama juu.

Mvua zilipoanza, macho yakaanza kupungua.

Aliyeniambia ni yeye, mwenye miaka mitatu kasoro. Kila jioni taa zikiwaka alisimama mbele ya kioo, mikono nyuma, kama mwalimu wa zamu. "Mama, hili halipo." Anasogea. "Na hili." Palipokuwa na kifungo palibaki kishimo cheupe, kama fizi iliyong'olewa jino. Nilimpigia baba yake.

"Vimefunga tu hivyo," akasema. "Vinachoka na vyenyewe."

"Havijafunga. Vimeliwa."

"Viliwe na nani?"

"Unaniuliza mimi? Mimi nimewekewa tu bahari ya watu sebuleni."

Akacheka, halafu akaacha kucheka. Akaniambia niingie ndani ya pazia mchana, wakati tangi limelala, na tochi niifunge mfuko mwekundu, kwa sababu wadudu wa gizani hawashtushwi na mwanga mwekundu. Niangalie kwenye vifungo vilivyofunga. Nisikimbilie kutoka.

Nilingoja mtoto alale. Ilikuwa saa sita na nusu mchana, nje jua kali limetoka baina ya mvua mbili, nasikia bodaboda zinapita, nasikia mtu anamdai mwenzake mbele ya duka. Nikajifunika lile pazia kichwani na mabegani, nikawasha tochi.

Vifungo vilikuwa vimejikunja kama ngumi za watoto wachanga. Safu kwa safu, vyekundu vyote kwa ile tochi. Sikuona kitu. Nilivihesabu ili macho yangu yawe na kazi. Safu ya chini, vinane. Nikapanda ya juu yake, nikarudi chini. Tisa. Nikahesabu tena kwa kidole kwenye kioo, nane. Nilikaa hapo hadi shingo ikauma. Ndipo kifungo kimoja kikanyanyua shingo, kikasogea, kikajilaza juu ya mwenzake.

Sitasahau ule mwendo. Hakuwa na haraka hata kidogo.

Alikuwa konokono asiye na nyumba, urefu wa ukucha, na mgongoni kajaza vijinyama vilivyochongwa sawasawa na vifungo anavyovila. Nilipomtoa kwa kibano na kumtazama juani kwenye bakuli, rangi zilikuwa zile zile: kijani ukingoni, chungwa katikati. Mume wangu alinieleza kwa simu kwamba rangi hiyo hazaliwi nayo. Anaipata kwa kula. Anachokila ndicho anachokivaa, na akishakivaa anakaa katikati ya waliobaki na hakuna anayemjua.

"Kumbe unawafahamu," nikamwambia.

"Yule bwana wa Mtwara aliwahi kuwapata. Tafuta na mayai, yako kwa chini, kama uzi mweupe umezungushwa."

Kazi ikawa yangu. Maagizo yalikuwa ya simu: toa jiwe, liweke kwenye beseni la maji ya tangi. Ng'oa kila konokono kwa kibano. Mayai yasugue kwa mswaki mpaka yatoke. Kisha lioge dakika kumi kwenye ndoo yenye ayodini ya duka la dawa, litikise, lirudishe. Baada ya wiki moja rudia, kwa sababu mayai yanayobaki yataanguliwa. Vaa glovu.

Mama anayetuletea maziwa alinikuta uani na jiwe mkononi na mswaki. Wao ni wa wale wafugaji waliokuja na ng'ombe wao kutoka Kanda ya Ziwa, wamejenga nje ya mji, na kila jioni yeye hupita na galoni lake kwenye baiskeli. Akasimamisha baiskeli akanitazama muda mrefu.

"Mayu, hilo unalipiga mswaki?" Mayu ndiyo mama kwa lugha yao.

"Lina wadudu."

"Na sisi ng'ombe akiwa na kupe tunamwogesha. Lakini ng'ombe anakamuliwa." Akaliinamia. "Hili linakamuliwa wapi?"

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Siku hiyo nilikuwa bado nacheka.

Mara ya kwanza nilitoa konokono tisa. Wiki iliyofuata kumi na moja. Wiki ya tatu sikuwahesabu, na glovu ya kulia ilikuwa imechanika kidole cha shahada. Nilisugua hivyo hivyo. Kabla ya alasiri vidole vilikuwa vimekufa ganzi, na mdomo wangu wa juu ulikuwa unatembea wenyewe, kama una sisimizi. Nikadhani ni chumvi. Nilimtajia mume wangu usiku ule kwa simu, kwa kupita tu, katikati ya habari za ada ya kikundi na paa linalovuja.

Alinyamaza. Nilidhani mtandao umekata.

"Ulivaa glovu?"

"Moja imechanika."

"Mtoto alikuwa karibu?"

"Alikuwa kwa jirani. Kwani vipi?"

"Hamna. Nitaleta mpya nikija."

Hapo ndipo aliponyamaza. Nimeurudia ule ukimya kichwani mara nyingi kuliko maneno yoyote aliyowahi kuniambia, hata ya uchumba.

Mvua zilipokaza, mama mkwe akaja kutoka Naipingo na fuko la kunde na kikohozi cha wajukuu wengine. Ni mwanamke mwema, niseme hivyo mapema, maana huko mbele watu walimgeuza mkosaji. Mwanangu yeye humwita "mke mwenzangu", ndio utani wa bibi na mjukuu wa kike, na mwanangu naye humjibu hivyo hivyo. Siku ya kwanza tu aliinua pindo la pazia, akachungulia, akalishusha kwa vidole viwili.

"Mkamwana, hiki kinalala mchana?"

"Ndiyo, mama."

"Kinachokesha usiku na kulala mchana, kwetu hatukifugi, tunakifukuza." Kisha akakaa. "Na hao wadudu wake, si uchemshe? Nimechemsha nguo za upele, nimechemsha vyombo vya wagonjwa. Sijaona mdudu aliyeyakataa maji ya moto."

Watu walisema baadaye kwamba yeye ndiye aliyechemsha. Mume wangu aliwaacha waseme. Naandika hapa: nilichemsha mimi. Nilikuwa nimechoka. Nusu ya vifungo ilikuwa imeliwa, mayai yalikuwa yamerudi, na nilipomwambia baba mtoto tulitupe jiwe lile moja, alisema afadhali atupe pikipiki. Nikaamua. Nitachemsha, vife vyote, walaji na wanaoliwa. Nitarudisha jiwe tupu, nitamwambia konokono wamemaliza. Uongo wangu ulikuwa tayari kabla maji hayajapata moto.

Siku yenyewe mvua ilinyesha tangu alfajiri. Jiko la nje lilikuwa limeingia maji. Mtoto alikuwa na mafua, pua imeziba, lakini kifua kilikuwa safi. Nilikuwa nimekihesabu mara mbili. Nikawashia mkaa barazani, nikaungoja uwe mwekundu wote, moshi uishe kabisa, ndipo nikaingiza jiko ndani na kuacha mlango wazi. Mama Hewa, mnaona. Nikachukua sufuria kubwa, nikachota maji ya tangi, nikatumbukiza jiwe, nikafunika.

Lilipochemka nilifunua. Povu la kahawia lilikuwa limepanda, zito, linateleza. Vifungo vilikuwa vimeyeyuka. Konokono walitoka kwenye mashimo wakaelea, wengi, sijui walikuwa wamejificha wapi wote hao, na kadiri walivyoiva rangi iliwatoka. Kijani ikaenda, chungwa ikaenda. Wakabaki vipande vyeupe visivyo na sura. Niliwatazama nikaridhika. Naomba radhi kwa neno hilo lakini ndilo.

Mama mkwe alikuwa amekaa mkekani, mtoto mapajani.

"Mvuke wa chumvi huo," akasema. "Msogeze mke mwenzangu, umfungue pua."

Mimi moshi nilikuwa naujua. Vumbi nililijua, na harufu ya kila dawa ya mikorosho. Mvuke ulikuwa kitu kingine. Mvuke tulikua nao. Mtu akiwa na mafua anafunikwa blanketi na chungu cha majani yanayochemka, anajifukiza, anatoka jasho, anapona. Sijawahi kusikia mtu akiogopa mvuke. Nikasogeza mkeka mwenyewe, kwa mkono wangu, nikauweka karibu na sufuria. Bibi akamtandia khanga mabegani, akawa anampepea ule mvuke usoni kwa kiganja. "Vuta, mke mwenzangu. Vuta sana. Toa. Vuta."

Alikuwa anacheka, mwanangu. Alidhani ni mchezo.

Nyuma ya pazia kitu kikapiga tak. Hakujibu, alikuwa anavuta.

Kwanza ilikuwa chai. Mama mkwe alikunywa akaitazama. "Mkamwana, umetia nini humu?" Nikaonja, ikawa kama kulamba betri. Nikaonja sukari peke yake. Ile ile. Nikanywa maji, na maji yalikuwa chuma. Halafu mdomo ukaanza kutembea, kama siku ile ya glovu, lakini safari hii ulikuwa uso mzima. Nikasimama nikatoe jiko na miguu ikakataa, ikatetemeka kama ya ndama. Sikuwa na maumivu. Nilisikia baridi. Mama mkwe alijilaza ubavu, akajikunyata, meno yanagonga, akaanza kusoma anachokijua, kwa sauti ya chini, akikosea na kurudia.

Mtoto alikohoa. Kikohozi kikavu, kifupi, kisichotafuta kitu. Nikatambaa nikaweka kiganja. Ngozi ilikuwa inaingia ndani chini ya mbavu kila anapovuta, kama mtu anainyonya kutoka upande wa pili. Nikaanza kuhesabu. Nilikuwa nasahau. Nikifika ishirini, sijui kama nimetoka kumi na tisa au thelathini. Nikaanza upya. Sufuria ilikuwa bado inatoa mvuke, taratibu, mweupe, hauna harufu, na mimi nimekaa pembeni yake nahesabu. Sikuujua. Ulikuwa umetuzunguka na sikuujua.

Saa kumi taa za tangi zikawaka zenyewe. Niliona mwanga wa buluu ukitoka chini ya pindo la pazia na kutambaa sakafuni hadi kwenye miguu ya mtoto. Ndipo nikasikia baiskeli.

"Hodi. Maziwa." Kimya. "Mayu? Hodi." Kisha kivuli mlangoni, na sauti imebadilika: "Mmekula nini?"

"Hatujala," nikasema. Ulimi ulikuwa mnene.

Hakuuliza tena. Yule mama amezika ng'ombe wengi, anajua mnyama aliyelewa sumu anavyolala. Alimnyakua mtoto kwanza, akampeleka mvuani. Akarudi akanivuta mimi kwa kwapa. Akarudi kwa bibi. Alipiga kelele barabarani hadi bodaboda mbili zikasimama, akampakata mwanangu yeye mwenyewe kwenye ya kwanza.

Hospitali walimwekea mwanangu oksijeni. Sista aliniuliza kilichotokea nikamwambia tulikuwa ndani tunachemsha maji kwa jiko la mkaa. Sikutaja jiwe. Kwa nini nitaje jiwe?

"Mkaa ndani ya nyumba, na mtoto wa kifua," akasema.

"Haukuwa na moshi. Mlango ulikuwa wazi."

"Mkaa hauhitaji moshi, mdogo wangu."

Alisema alichoweza kusema kwa nilichomweleza, simlaumu. Nikakubali. Siku mbili nilikaa kwenye kiti kando ya kile kitanda nikijua kwamba nimemuua mwanangu kwa mkaa, mimi ninayekimbia moshi wa jirani. Vifua vyetu mimi na bibi vilianza kulegea. Chake hakikulegea. Mrija puani, macho wazi, hasemi. Nilimwita hakunitazama. Alikuwa anatazama juu.

Mume wangu alifika siku ya pili mchana, ametapakaa tope hadi kiunoni. Mama wa maziwa ndiye aliyempigia, na alimwambia maneno matatu tu: wameanguka, wako hospitali. Hakujua zaidi, angesema nini zaidi? Sasa sikilizeni. Alisimama mlangoni mwa wodi. Hakuangalia kitanda. Alinitazama mimi, na kabla ya salamu, kabla ya mtoto, aliuliza:

"Mlilichemsha lile jiwe?"

Nilichukua muda kuelewa kwa nini nywele zimenisimama.

"Nani kakwambia habari ya jiwe?"

Akatazama sakafu.

"Nakuuliza. Hapa watu wote wanasema mkaa. Nani kakutajia jiwe?"

Akanieleza pale pale, kwa sauti ya chini ili wagonjwa wengine wasisikie. Vifungo vina sumu. Bwana wa Mtwara alimwambia siku anamkabidhi: usisugue bila glovu na miwani, na usije ukalichemsha, mvuke wake unaangusha nyumba nzima. Alimwambia mara mbili.

"Ulijua."

"Nilikwambia vaa glovu."

"Uliniambia mikono yangu michafu."

 Kisha akasema neno ambalo, hata akifa kabla yangu, nitaliweka juu ya kaburi lake: "Ningekwambia, ungekataa nisilete."

Nilimshika mkono wa shati, nikamwongoza mpaka mezani kwa sista, nikamwambia, sema. Akasema. Sista akaita daktari, daktari akasikiliza amesimama, akamrudisha nyuma mara tatu, akaandika. Walibadilisha baadhi ya mambo kwenye lile faili. Siku ya tano mwanangu alinitazama. Siku ya nane tuliruhusiwa.

Wageni wa pole walikuwa wamejaa nyumbani. Jiwe lilikuwa limeondolewa, sufuria pia, lakini tangi lilikuwepo, limefunikwa. Lilikuwa na mawe mengine, na mawili kati ya hayo yalikuwa na vifungo. Mama mkwe alikuwa mkekani anasimulia. Alikuwa ameshalipata jibu lake: kitu cha baharini kimeletwa bara, kimekaa gizani mwaka mzima, kimetaka damu changa. Wanawake wakaitikia. Mmoja akasema ndiyo maana siku ile alipopita mbwa alibweka dirishani. Akatajwa shehe wa kuja kusoma. Na mume wangu alikuwa amekaa kwenye kochi, anakubali kwa kichwa. Taratibu. Kila walipomtupia jini lile jambo, alitikisa kichwa.

Nilikuwa na mtoto mgongoni. Nilikuwa nasikia anavyovuta, karibu na sikio langu.

"Mama," nikasema, "muulize mwanao aliniuliza nini pale mlangoni mwa wodi."

"Mama pumzika," akanidakia mume wangu. "Hayo tutaongea."

"Muulize sasa."

Akamuuliza kwa Kimwera. Akamjibu kwa Kimwera, maneno machache, anatazama viatu vya wageni. Mimi lugha hiyo naisikia nusu nusu, lakini sumu ni sumu.

Mama mkwe hakupandisha sauti. Alitazama kiganja chake cha kulia, kile cha kupepea.

"Mimi nilimpakata," akasema kwa Kiswahili, ili wote wasikie. "Nilimwambia vuta. Nikamwambia vuta sana." Akamgeukia. "Na wewe ulijua."

Wageni waliondoka mmoja mmoja, bila kuaga vizuri. Hakuna aliyetaja tena shehe.

Nilimwambia mume wangu alitoe tangi leo. Akaomba wiki mbili, atafute wa kumpa, kwa sababu haliwezi kumwagwa hivi hivi, akaanza kunieleza kwa nini, hatua kwa hatua, kwa ufasaha kabisa, hatari moja baada ya nyingine. Nilimwacha amalize. Alikuwa anaijua yote, tangu mwanzo hadi mwisho. Nikakusanya nguo za mtoto na kadi yake ya kliniki. Aliyenisindikiza mpaka kwenye bodaboda, akiwa amebeba begi langu kichwani na kifua bado kinamuuma, ni mama mkwe.

Sasa tuko Nkowe kwa mama yangu. Mwanangu anaongea, anakula, anagombana na kuku. Akikimbia anasimama katikati, anashika magoti kama mzee, na nasikia kifilimbi. Daktari amesema huenda kikaisha akikua, huenda kisiishe.

Baba yake amesema tangi ameshalitoa. Sijaenda kuona na siendi. Anapiga simu kila siku ya pili, mchana, wakati mtoto amelala, swali ni moja: anaendeleaje? Simjibu. Naiweka simu juu ya kifua cha mwanangu, naiacha hapo, natoka nje kuanua nguo. Nikirudi wakati mwingine imeshakatika. Wakati mwingine bado iko hewani, inapanda na kushuka juu ya kile kifua, na upande wa pili mtu amenyamaza, anasikiliza.